Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: andikeni makaburi yetu kabla hayajafyekwa

Kwenu Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, wakurugenzi wa halmashauri zote za mikoa hii miwili, viongozi wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pamoja na masheikh, maaskofu na maparoko wetu.

Shikamooni.

Nawaandikia kwa ajili ya makaburi matano. Yapo kwenye eneo jipya la kuzikia la kijiji kimoja cha Wilaya ya Newala, upande wa juu, karibu na uzio wa katani. Kila moja lina kipande cha zege chenye namba, na kwenye orodha iliyobaki ofisini, mbele ya namba hizo tano, limeandikwa neno moja tu: HALIJULIKANI. Katika hayo matano, moja ni la mama yake bibi yangu. Jina lake ninalo. Jina la mama yake ninalo. Mwaka aliobatizwa mwanawe wa kiume ninao. Ila ni lipi kati ya hayo matano, hakuna aliye hai anayeweza kuniambia tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Naomba mnivumilie nieleze yalivyotokea, maana ombi langu linatoka humo humo.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 12 tulipohamishwa. Wenye umri wangu wanaikumbuka Operesheni Vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye mashamba yao zilikusanywa kandokando ya barabara, nyumba za zamani zikaezuliwa ili mtu asirudi. Bibi yangu mzaa mama hakugombana na mtu. Alikwenda nyuma ya nyumba penye mikorosho, akapiga magoti, akachota udongo kiganja kimoja, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Pale ndipo alipolala mama yake. Udongo ule ulikaa ndani ya kibuyu kidogo juu ya kitanda chake mpaka alipofariki mwaka 1986.

Kabla hajafariki aliniita akanipa ramani ya mdomo. Ukipanda kutoka bondeni tulikokuwa tukichota maji (wa Newala mnajua, uwanda wa Makonde hauna visima, maji yalikuwa chini kabisa mabondeni na mama zetu waliyapandisha kichwani), utakuta mwembe wenye shina lililogawanyika mawili. Simama hapo, uelekee jua linakotoka, hesabu mikorosho saba. Chini ya wa saba kuna chungu kilichotobolewa kitako. Nikamuuliza alifariki lini. Akasema: "Nilikuwa na mimba ya mama yako, na reli ya karanga ilikuwa bado." Reli hiyo, ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940; mama yangu alizaliwa karibu na mwaka 1938. Wanawake wa zamani hawakuhesabu kwa kalenda, walihesabu kwa matumbo yao, na hesabu zao hazikupotea njia. Maneno yale niliyaandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo.

Kisha nikafanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nikaendelea na kazi, mkoa hadi mkoa, nikijiambia nitakwenda likizo ijayo. Makazi yale ya zamani yakawa mahame, na mahame hayana mlinzi isipokuwa kumbukumbu.

Nilistaafu, nikarudi, nikaenda na mpwa wangu aliyeshika panga. Mwembe wa shina mbili niliukuta. Mikorosho haikuwepo. Mradi ulikuwa umepita, ardhi imesawazishwa, nyekundu, wazi kama uwanja wa mpira. Nilipokwenda kuuliza nilionyeshwa karatasi za fidia. Mikorosho ilikuwa imeandikwa mmoja mmoja, mizee kwa bei yake na michanga kwa bei yake. Mananasi yameandikwa. Jina la mwenye shamba, namba ya simu yake na alama ya dole gumba vipo. Makaburi yalihesabiwa saba. Mawili yalipata wenyewe. Matano yakahamishwa bila jina.

Simtaji mtu wala taasisi, na sisemi kwamba walifanya kwa dharau. Nimeambiwa sheikh alikuwepo, sanda mpya zilinunuliwa, watu walivua viatu. Tangazo lilibandikwa ubaoni. Lakini nani wa kwetu angelisoma? Mjomba wangu wa mwisho, aliyelijua kaburi lile kwa macho, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Vijana waliobaki kijijini walijua tu kwamba "kule mahame kuna wakubwa wamelala." Wakubwa gani, hawakuwa na la kujibu.

Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Nimeisoma. Inairuhusu Serikali kuhamisha kaburi ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, inataka taarifa itolewe kwa wanaohusika, na inatambua gharama za kuchimba, kusafirisha, kuzika upya na hata za matambiko. Ni sheria yenye utu, kwa kuwa walioitunga walijua kwamba mfu wa Kiafrika hahamishwi kama gunia. Ila imesimama juu ya jambo moja: kwamba mwenye kaburi anajulikana. Mahame yetu yamejaa makaburi ambayo wenyewe wapo, wanaishi Mtwara mjini, Dar es Salaam au Pemba ya Msumbiji, na hakuna karatasi yoyote inayowaunganisha na mahali pale.

Na sheria nyingine haifiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo makaburi ya matumbawe ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yana mlinzi, na tangu 1981 yamo katika Urithi wa Dunia, nami nashukuru, nimewapeleka wanafunzi huko mara kadhaa. Bibi yangu mkuu amezaliwa amechelewa sana kuwa mambo ya kale, na amefariki mapema mno kuandikwa na mtendaji wa kijiji. Ameanguka katikati. Pamoja naye wameanguka karibu wote waliozikwa vijijini mwetu katika miaka mia moja na zaidi ambayo ndiyo iliyotuzaa sisi.

Sasa niwaeleze nilivyolipata jina, kwa sababu hapa ndipo penye somo kwa yeyote atakayetaka kutafuta wahenga wake huku kusini.

Bibi yangu aliolewa na Mwislamu akasilimu, kaka yake alisoma kwa wamisionari akabatizwa. Familia nyingi za Newala na Masasi ziko hivyo, msiba mmoja una khitma na una rozari. Nikaenda parokia aliyobatiziwa. Katibu alinitolea rejista ambayo pembe zake zimeliwa na mchwa. Nilifungua kurasa siku mbili nzima. Siku ya pili, saa za alasiri, nikamkuta: jina la ubatizo, jina la nyumbani, kijiji, wadhamini, jina la baba, jina la mama. Jina la mama. Mkono wangu ulitetemeka nikashindwa kuandika, ikabidi mpwa wangu aandike.

Lakini jina lile hatukulijua. Nyumbani bibi mkuu tulimtaja kwa jina jingine kabisa. Nikadhani nimepata mtoto wa mtu mwingine.

Nikalibeba jina lile hadi Kitangari kwa mzee mmoja mwenye zaidi ya miaka 90, mtani wa ukoo wetu. Watani ndio waliokuwa wakichimba makaburi, kuosha vyombo na kuwachekesha wafiwa, kwa hiyo wanajua misiba ya kwetu kuliko sisi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Hilo ndilo alilotoka nalo unyagoni. Mnalolijua nyie ni la utotoni." Akanitajia na jina la mama yake, akasema walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na walivuka mtoto akiwa mgongoni.

Bila rejista nisingekuwa na swali la kumuuliza mzee. Bila mzee, jina lile lingebaki la mgeni. Mzee yule tumemzika mwezi wa Ramadhani uliopita.

Yapo mambo ambayo mgeni wa kusini hayajui, na fomu zetu pia hazijui. Mtu wa kwetu ana jina la kuzaliwa na jina la jando au unyago, na baada ya kutoka lile la kwanza linaweza kuwa mwiko kumwita nalo. Akibatizwa au kusilimu anapata la tatu. Akiandikwa na Mjerumani, "ch" yetu inakuwa "tsch". Akiandikwa na karani wa pwani kwa herufi za Kiarabu, irabu zinaachwa zikisiwe. Mtu mmoja anaweza kuwa watu wanne kwenye makaratasi. Tena Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunafuata ukoo wa mama. Mmakua atakuuliza nihimo yako, na nihimo umeichukua kwa mama. Mjomba ndiye wa kuulizwa kwanza msiba ukitokea. Lakini kila fomu ya ofisini inauliza jina la baba, kisha jina la babu, basi. Ukoo wenyewe, ule uzi unaoshika watu, hauna kisanduku cha kujaza.

Nilipokuwa nafundisha, kila mwaka niliwapa wanafunzi zoezi moja: taja mama yako, mama yake, mama yake, na mama yake. Wengi walikwama wa tatu. Wachache walifika wa nne, na karibu wote hao waliishi na bibi zao. Sisi wanawake kwa desturi hatushuki kaburini siku ya maziko, tunabaki nyumbani. Lakini nani alizaliwa na nani, nani alinyonyeshwa na nani, mtoto gani alifariki kabla ya kupewa jina akazikwa nyuma ya nyumba, hayo yamo vifuani mwetu. Atakayeandika makaburi ya Mtwara na Lindi kwa kuwauliza wanaume peke yao ataandika nusu.

Kumbukumbu tunazo nyingi kuliko tunavyodhani, zimetawanyika tu. Nyumba nyingi za Kiislamu za Lindi, Mikindani na Kilwa Kivinje zina daftari, mara nyingine karatasi tu iliyokunjwa ndani ya msahafu, lenye majina ya marehemu wanaorehemewa siku ya khitma. Nimeyaona madaftari ya namna hiyo yenye majina zaidi ya hamsini, kwa mpangilio wa vizazi. Mwenye nyumba haoni kama ana hazina. Anaona ana orodha ya dua. Upande wa kanisa, mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, na tangu hapo wamisionari wa Kianglikana waliandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Wabenediktini wameweka makao Ndanda tangu 1906. Misheni zao za awali za Nyangao na Lukuledi zilichomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, kwa hiyo anayetafuta mtu wa kabla ya hapo ajiandae kutegemea midomo ya wazee. Nyaraka za wamisionari wa Masasi nyingi zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Za utawala wa Mjerumani zipo Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, na tangu 1997 UNESCO imeziweka katika Kumbukumbu za Dunia. Ni fahari yetu. Lakini mtu wa Tandahimba anayemtafuta babu yake ataanzia wapi? Nauli ya kwenda Dar es Salaam peke yake ni magunia mangapi ya mihogo?

Kilometa kama 60 kutoka Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na wapagazi wa kwetu wakaibeba vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu, hadi bandarini. Kila mfupa ulipewa namba na shimo ulikotoka likaandikwa. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin hadi leo, kimo chake zaidi ya mita 13. Nilipolifundisha hilo, mwanafunzi wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, waliobeba walizikwa wapi?" Darasa likanyamaza. Nami sikuwa na jibu la kumpa. Kipande cha mfupa wa mjusi tunajua kilitoka shimo lipi, aliyekibeba hatujui.

Twende na Mahiwa, karibu na Nyangao. Oktoba 1917 yalipiganwa hapo mapigano miongoni mwa yaliyo makali zaidi ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi, waliokufa zaidi kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo mnalolitaja kila siku linatokana na kikosi chao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wameomba radhi. Wanatafuta majina. Waheshimiwa, majina hayo hayapo London. Kama bado yapo, yapo Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi, kwenye vinywa vya wajukuu wanaosema "babu alichukuliwa kubeba mizigo hakurudi." Kila mwezi unaopita, kinywa kimoja kinafunga.

Ninachoomba kwenu ni daftari.

Kila kijiji kiwe na daftari la makaburi, daftari gumu la kawaida lenye jalada jeusi, likae kwa mtendaji wa kijiji na nakala yake iende halmashauri na nyingine Nyaraka za Taifa. Liandike maziko mapya yote kuanzia leo, kibali cha mazishi kikitoka tu, kwa majina yote ya marehemu: la kuzaliwa, la jando au unyago kama ndugu wanaridhia, la dini, na ukoo wa mama. Liandike na makaburi ya zamani, kitongoji kwa kitongoji, mahame kwa mahame, wazee wakiwa wamesimama pale pale juu ya ardhi. Mzee akikalishwa ofisini anasahau. Akisimama chini ya mwembe anakumbuka hata aliyelia zaidi siku ile. Simu za vijana wetu zinatoa alama za mahali bila gharama. Ziandikwe. Na aliyetoa habari aandikwe pia, aseme aliona mwenyewe au alisimuliwa, ili anayekuja kusoma baada ya miaka 50 ajue uzito wa neno.

Mtaniambia mtendaji ana kazi nyingi, ana michango, ana sensa, ana pembejeo. Najua. Lakini RITA wametuonyesha kwamba watoto wa umri chini ya miaka mitano wanaweza kusajiliwa kwenye kata na kwenye zahanati, bila mama kupanda basi kwenda wilayani, na mikoa yetu miwili imo katika mpango huo. Aliyeweza kumwandika anayeingia duniani kwenye kata yake anaweza kumwandika anayetoka. Kwa makaburi ya zamani, watumieni wanafunzi. Shule zetu zinafundisha Historia ya Tanzania na Maadili. Wapeni kidato cha tatu kitongoji kimoja kila muhula, pamoja na mwalimu, mkulungwa wa eneo na bibi wawili. Ningekuwa bado kazini ningeanza Jumatatu.

Pili, mradi wowote usianze kuhesabu mikorosho kabla daftari la kijiji halijafunguliwa. Na taarifa ya kuhamisha makaburi isiishie kwenye ubao wa matangazo na Gazeti la Serikali. Isomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, isomwe kwenye mnada wa chama cha msingi ambako kila mwenye korosho hufika, ipelekwe redioni mara nyingi, itaje jina la mahame kama wazee walivyoliita. Sisi hatujui "Kiwanja Namba 4 Kitalu B." Tunajua mahame ya fulani. Ningelisikia jina lile redioni, ningepanda basi usiku huo huo.

Kwenu maaskofu na maparoko: rejista zenu zinaliwa na mchwa na moshi wa jiko la jirani. Siombi mzitoe. Zibaki kwenu, ila zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zikae mahali pawili. Kwenu masheikh: waambieni waumini kwamba daftari la khitma ni amana, lisichomwe mwenye nyumba akifa, linakiliwe na wajukuu.

Kuna jambo moja la kulitenda kwa uangalifu mkubwa, nami nalisema kwa sauti ya chini. Pwani yetu ilikuwa njia ya watumwa. Kilwa Kivinje na Mikindani zilipitisha watu wengi waliofungwa minyororo. Baadhi ya koo zetu za leo zilianzia kwa mtu aliyeletwa, au kwa mtu aliyeleta, na zimechagua kunyamaza ili watu waweze kuishi pamoja na kuoana. Anayeandika asimlazimishe mzee kufungua mlango huo. Akisema "huyu alikuja," andika "alikuja." Familia yenyewe ndiyo iamue lini na kwa nani isimulie zaidi. Daftari la makaburi likigeuka kuwa daftari la kusutana, ni bora lisiwepo.

Na mpaka. Ruvuma kwetu haujawahi kuwa ukuta. Wamakonde wa ng'ambo walivuka kuja kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi. Walivuka tena kwa wingi baada ya mauaji ya Mueda, huko Msumbiji, ya Juni 16, 1960 na vita vya ukombozi vilivyofuata. Wapo waliozikwa huku na ndugu zao wako kule, na wapo wa kwetu walioachwa kule. Naomba ofisi za mikoa zizungumze na wenzao wa jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji, hata kama ni kubadilishana orodha tu, siku amani ikitulia upande ule.

Msiseme Serikali haiwezi. Askari wetu walioanguka Msumbiji wamelala Naliendele, hapa hapa Mtwara, na kila mwaka wanakumbukwa. Rais Mstaafu Benjamin Mkapa, aliyekuwa na uwezo wa kulazwa popote nchini, alirudishwa kijijini kwao Lupaso, Masasi, Julai 29, 2020. Siku ile nilikuwa barabarani na maelfu ya watu tukimpungia. Hakuna aliyeuliza kwa nini anarudishwa mbali hivi. Kila mtu alielewa. Bibi yangu aliyechota udongo kwenye pindo la khanga alielewa jambo lile lile.

Mwanzoni mwa Juni, kabla watu hawajaanza kupuliza salfa mashambani, ukoo wetu utakusanyika kwenye yale makaburi matano. Vijana watafyeka, mpwa wangu atajengea mawe. Kwa kuwa hatujui lipi ni lake, dua itasomwa kwenye yote matano, na dada yangu mkubwa atamwaga unga wa mtama kwenye yote matano, kama wakubwa walivyofanya. Ndugu wa wale wengine wanne, kama mnaisoma barua hii, njooni. Huenda kati yenu yupo anayejua jambo tusilolijua.

Daftari la kijiji kile nimeshalinunua. Kurasa 14 zimejaa, zimeandikwa kwa kusikiliza wazee tisa, wawili kati yao sasa ni marehemu. Siku hiyo nitakuwa nalo mkononi. Naomba mmoja wenu aje alipokee.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu, kitukuu wa mmoja wa wale watano,
Newala, Mtwara